Sinema ya Kifilipino Aliyoitafsiri Mzee Hussni

"Wallahi wabillahi, kila neno mtakalolisikia kutoka kinywani mwangu leo ni kweli tupu. Sipunguzi, siongezi. Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, nitawapikia biriani nyote mlioko humu. Biriani ya mbuzi, kwa mikono yangu hii, na vitunguu nitavikata mwenyewe."

Ndivyo alivyoapa Mzee Hussni, maikrofoni mkononi, katika ukumbi ulio chini ya kanisa moja la Brooklyn Center, Marekani. Kumsikia Mwislamu wa Mombasa akiapa kwa sauti vile chini ya msalaba wa mbao kuliwafurahisha sana akina mama wa Kikongo, wakapiga makofi. Mtu mmoja tu hakupiga.

"Tumesikia wote," akasema Bagalwa kutoka kiti cha mbele. "Biriani. Papa Hussni amesema mwenyewe. Mashahidi muko hapa."

Huyu Bagalwa aliitwa Président. Président wa nini, hakuna aliyejua sawasawa. Chama cha kuzikana kilikuwa na mweka hazina wake, kwaya ilikuwa na mwalimu wake, lakini popote palipokuwa na kiti cha mbele, Président alikikalia. Alikuwa amehamia Lakeville, mtaa wa wenye nazo, na tangu ahamie hakuweza hata kuomba chumvi mezani bila kukwambia jinsi chumvi ya Lakeville ilivyo nyeupe. Viatu vyake vilikuwa na ncha ndefu hata vikaingia mlangoni kabla yake, na manukato yake yalibaki ukumbini siku nyingi baada ya yeye kuondoka. Siku hiyo alikuwa amevaa miwani ya jua. Ulikuwa mwezi wa pili, theluji imeziba madirisha, na jua lenyewe lilikuwa limeshakata tamaa tangu Novemba.

Akitoka pale, Bagalwa alikuwa na safari. Kwa muuza magari mmoja wa Saint Louis Park palikuwa na pikapu jeusi, kubwa kuliko chumba alicholala Mzee Hussni, nalo lilikuwa linamngoja. Kilichokosekana ni sahihi tu. Sahihi yake mwenyewe haikutakiwa, maana ilikwisha kuchakaa na hakuna benki iliyotaka kuiona tena. Sahihi iliyotakiwa ni ya Bernardine.

Bernardine alikuwa mjane kutoka Kabare, Kongo, jirani wa Hussni katika jengo lao la ghorofa tatu. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa miaka kadhaa alikuwa anailea kredi yake, ile sifa ya ulipaji madeni ambayo benki huitazama, kama mtu anavyolea mtoto mgonjwa, asiikohozee. Alitaka nyumba. Alikwisha kuiona: ndogo, ina mlango mwekundu, na nyuma ina kiwanja ambacho tayari alijua upande gani atapanda lengalenga, mchicha wa kwao. Benki ilikuwa imemwambia waziwazi kwamba mkopo wowote mwingine utakaoandikwa kwa jina lake, hata wa kumdhamini mtu tu, nyumba asahau.

Hayo alimwambia Hussni peke yake, ngazini, na papo hapo akamwambia kwamba hana namna ya kumkatalia Papa Bagalwa.

"Yeye njo alitupokea ku airport, Mzee. Ile baridi! Alituletea makoti."

"Makoti yale yalikuwa ya kanisa, mwanangu. Yeye aliyabeba tu."

"Mais aliyabeba," akasema Bernardine, na hiyo "lakini" yake ya Kifaransa ikafunga mazungumzo.

Hussni alijaribu kumkanya kwa ukali, akajaribu kwa mzaha, akajaribu hata kulia machozi aliyoyakamua kwa shida. Haikusaidia. Na hakuweza kuliacha jambo lile, kwa sababu marehemu mkewe, Fatimah, alipokuwa anamalizia siku zake katika ile nyumba ya wazee, ni Bernardine aliyekuwa akimkata kucha na kumpaka hina kila zilipokua, bila kuambiwa na mtu. Mwanamke wa Kabare, hina ameionea wapi? Alikwenda kuulizia dukani kwa Wasomali jinsi inavyokorogwa.

Sasa, maikrofoni ilimfikaje mkononi?

Kazini kwa Bernardine kuna nesi wa Kifilipino, jina lake Rachelle. Binamu yake huko Manila alikuwa ametengeneza sinema, bila kampuni, bila mfadhili, kwa kamera ya kuazima na majirani ndio waigizaji. Ilikuwa inahusu watu wa kawaida waliobanwa na maisha. Rachelle aliwaomba wenzake wa kazini waje na jamaa zao waitazame, na Bernardine akauomba ukumbi. Lakini akina mama wengi Kiingereza cha kusoma kinawapita mbio. Nani basi anajua Kifilipino?

Macho yote yakamgeukia Hussni. Si alikuwa baharia? Kila Jumamosi, kwenye duka la kufulia nguo, si aliwasimulia jinsi alivyozunguka dunia na mabaharia wa Kifilipino, jinsi nahodha alivyougua karibu na Manila na yeye Hussni akaushika usukani siku tatu kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeng'atwa na papa?

Ukweli ni kwamba chombo kikubwa kuliko vyote alichowahi kupanda Hussni ni feri ya Likoni. Maisha yake yote ya ujanani aliuza matairi Majengo, na Marekani aliegesha magari ya watu hadi magoti yakagoma. Kifilipino alijua maneno mawili. La kwanza ni "salamat", yaani asante, na hilo alilipata kwa Rachelle mwenyewe. La pili alilisikia kwenye televisheni na huenda lilikuwa la Kijapani.

Mtu mwingine angekiri. Hussni aliomba sauti ya maikrofoni iongezwe.

Aliijua hadhira yake. Watu wale, wa Bukavu kwa wa Mombasa, walikulia kwenye vibanda vya video, mahali ambapo Wachina wanapigana kwenye kioo na jamaa mmoja mwenye maikrofoni anakueleza wanachosema. Hakuna aliyemuuliza yule jamaa Kichina alijifunzia shule gani. Walichotaka kwake ni sauti tu. Kwenye vibanda vile mwenye maikrofoni ndiye alikuwa sinema, picha zilimsindikiza.

Brandon, kijana wa Kizungu anayetunza vyombo vya picha na sauti vya ukumbi, akazima taa. Sinema ikaanza.

Ilionekana mvua, kichochoro, mwanamke anafua nguo kwenye beseni. Pembeni pikipiki ya magurudumu matatu imeegeshwa, na juu yake jogoo amesimama kama mwenye chombo. Mwanamke akainua uso, akamwita mumewe.

"Anasema," Hussni akaanza, kwa sauti nyembamba ya kike, "'Baba watoto, umeme wamekata. Na mchele uliobaki hata sisimizi watagombana.'"

Hapo hakuongopa sana. Taa ilikuwa haiwaki na sufuria ilikuwa tupu, kipofu angeweza kutafsiri.

"Kama kwetu kabisa!" akashangaa mama mmoja.

"Kumbe na Wafilipino banateseka?"

"Weye ulizani wote ni manesi?"

Kwa muda Hussni akaenda hivyo hivyo, akifuata sufuria. Mume akatoka, akarudi bila kitu. Mke akaipeleka pasi rehani. Akina mama wakaguna, wakatikisa vichwa, mmoja akatoa leso. Kisha mwisho wa kichochoro akatokea mtu mnene. Alivaa miwani ya jua kwenye mvua. Kitana kimechomoza kwenye mfuko wa shati. Na viatu, Mungu ni mwema, viatu vilikuwa na ncha.

Hussni alimtazama yule mtu, akamtazama Bagalwa kiti cha mbele, akaona riziki yake imeletwa na sahani.

"Huyu sasa," akasema polepole, "huyu ni mheshimiwa. Zamani alikaa hapahapa na wenzake, lakini siku hizi amehamia mtaa wa juu. Msikilizeni: 'Hamjambo watu wa chini? Kule kwetu mvua hainyeshi ovyoovyo namna hii.'"

Kicheko kikaanzia nyuma.

"Kule kwetu Lakeville!" akapaza sauti Mugisho, dereva wa basi la wanafunzi, ambaye hakuwahi kuuacha mzaha umpite.

Bagalwa akavua miwani.

Kwenye kioo, mtu mnene akaipiga piga ile pikipiki, kisha akamwekea mwanamke mkono begani. Hussni akaitia sauti yake mafuta. "'Dada yangu mpendwa, nataka pikipiki mpya. Magurudumu matatu ni ya watu wadogo. Pesa ninazo, tele. Tatizo ni jina langu tu, limechoka. Nipe lako. Ni sahihi tu, dada. Kinakutoka nini?'"

"Usitie!" wakapiga kelele akina mama. "Mama, kimbia! Acha hata beseni!"

Bernardine alikaa safu ya tatu, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba zilikuwamo karatasi zake za mshahara, kwa ajili ya yule muuza magari wa Saint Louis Park. Alikuwa anatafuna karanga. Hussni aliona taya lake likisimama.

"Mzee, na jogoo anasema nini?" akauliza Mugisho.

"Jogoo anasema, 'Msimwamini. Hata mimi alinikopa manyoya ya mkia.'"

Ukumbi ukavunjika. Lakini Hussni hakucheka, kwa maana mwanamke kwenye kioo alikuwa amefuta mikono kwenye kanga yake, ameitandaza karatasi juu ya kiti cha pikipiki, na anasaini.

"Ametia," akasema, sauti imeshuka kabisa. "Ametia, jamani. Na hakuna ajuaye kwamba mama huyu alikuwa na nyumba yake. Ndogo. Aliingoja miaka, ina mlango mwekundu, na uani alikwisha kuchagua pa kupanda mboga."

Mlango uliokuwa kwenye kioo ulikuwa kipande cha turubai la bluu. Bernardine aliuangalia ule mlango wa bluu, kisha akageuza shingo taratibu akamwangalia Hussni. Yeye Hussni akajifanya anapangusa maikrofoni.

Mtu mnene akapanda pikipiki, watoto wawili wakadandia nyuma, akaondoka nayo.

"Haya, amekwenda nayo! Na watoto kawabeba!" akatangaza Hussni.

"Simamisha!" Bagalwa alikuwa amesimama, kivuli chake kimejaa kioo kizima. "Simamisha hii kitu! Huyu mzee anatukana watu. Huyo si Mfilipino. Huyo ni mimi!"

Kikalipuka kicheko ambacho pasta mwenyewe, kwenye mlango wa jikoni, alikificha kwa kikohozi.

"Mimi sijataja jina, Bwana Président," akasema Hussni kwa unyenyekevu wa kuudhi. "Hii ni sinema. Kwani wewe una pikipiki?"

"Ku-cosign, kudhamini mtu, si wizi! Franchement! Ni watu kusaidiana! Wazungu wenyewe wanafanya. Goretti yuko hapa, alinisainia ile gari nyeupe, na je, alikufa? Goretti, sema mbele ya watu. Ulikufa?"

Goretti alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, mwanamke ambaye hata akikanyagwa mguu alikuwa akiomba radhi yeye. Alisimama akiwa ameshika ncha za kitambaa chake cha kichwa.

"Sikufa, Papa," akasema. "Lakini ile gari watu wa benki walikuja kuikokota mbele ya nyumba yako kule Lakeville. Na deni ni mimi naendelea kulipa. Mimi naenda kazi na basi, Papa. Na hii baridi."

Hakuna aliyejua. Goretti alinyamaza kwa aibu, akidhani ni mjinga peke yake, na Bagalwa aliitunza aibu ile vizuri kuliko alivyolitunza gari.

"Papa Bagalwa." Sasa alikuwa Bernardine. Hakupaza sauti. "Uliniambia mimi ni wa kwanza. Uliapa hujawahi kuomba mtu."

"Mama Bernardine, donc, hapa si mahali pa—"

"Ku airport ulituletea makoti. Miaka yote nilikuwa nasema, huyu mtu aliyabeba." Alikuwa amelivaa koti lenyewe, la kijivu, kifungo cha juu kimebadilishwa. Akalifungua kifungo kimoja kimoja, akalivua, akalikunja vizuri kama nguo ya kurudisha dukani, akaenda kumwekea mikononi. "Ulilibeba. Libebe tena."

Akarudi kukaa kwenye kiti chake, na ule mkoba wake wa karatasi za mshahara akauweka chini, chini ya miguu.

Utukufu wa Mzee Hussni ulidumu kadiri mtu anavyoweza kupiga chafya. Mlango ulifunguliwa akaingia Rachelle, bado na nguo za kazini, theluji kwenye nywele na trei ya tambi mikononi. Akatazama kioo, ambako mtu mnene alikuwa amesimamishwa juu ya pikipiki, uso ukamng'aa.

"Mjomba wangu huyo!" akasema kwa Kiingereza ambacho kila mtu alikielewa. "Hajui kuigiza, anaishi tu kama alivyo. Ndiye mtu mwema kuliko wote katika sinema nzima. Mmemwona akiwapeleka watoto shule?"

"Akiwapeleka wapi?" akauliza Bagalwa, naye bado amelikumbatia koti.

Brandon akainua mkono kutoka kwenye vyombo vyake. "Mnataka niwashe maandishi ya Kiingereza? Yalikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza."

Alirudisha nyuma. Mugisho, ambaye macho yake yalikuwa mazuri na huruma yake ndogo, akajitolea kusoma na kugeuza. Mtu mnene akatokea tena mwisho wa kichochoro, mkono ukaenda begani.

"'Dada, umeme wenu nimeshaulipa,'" akasoma Mugisho. "'Usimwambie mumeo, atajisikia vibaya.'"

Hussni akavutiwa ghafla na dari.

"'Weka sahihi hapa,'" Mugisho akaendelea, "'ni ruhusa ya mtoto. Shule inawapeleka kutazama mamba.' Mamba, Mzee! Si pikipiki!" Akangoja kidogo. "Na jogoo hasemi kitu."

Watu walicheka hadi viti vikasogea. Katikati ya kelele hiyo Bagalwa, mtu aliyekuwa amepoteza pikapu, sahihi na heshima kabla tambi hazijapoa, aliona kuna kitu kimoja bado anaweza kushinda.

"Biriani!" akanguruma. "Mashahidi muko hapa! Biriani!"

Rachelle peke yake hakucheka. Aliuliza wanachekea nini, Bernardine akamweleza kwa sauti ya chini, bila kumficha. Rachelle akaweka trei mezani.

"Mjomba wangu umemfanya mwizi?" akamuuliza Hussni. "Alilipa ada yangu ya unesi. Pikipiki yake ya kwanza aliiuza kwa ajili hiyo."

Hussni alishika waya wa maikrofoni akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Jumamosi iliyofuata alikuwa jikoni kwa kanisa tangu asubuhi, mbele ya gunia la vitunguu. Maishani mwake hakuwahi kupika biriani. Aliyepika alikuwa Fatimah, yeye akikaa kitako na kusifu. Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu. Bernardine aliketi pembeni na koti jipya la mitumba, rangi ya chungwa, la kuonekana toka ng'ambo ya mto, wala hakugusa kisu.

"Nyembamba zaidi, Mzee," akasema. "Hivyo ni vya ng'ombe."

"Mwanangu, macho haya ya baharia yameshaona tufani, lakini vitunguu hivi—"

"Mlango mwekundu," akasema Bernardine.

Kisu kikatulia.

"Wafilipino nao wako na milango myekundu?"

"Tele. Manila nzima."

"Ulifika Manila, Mzee?"

Hussni alikata kitunguu kizima kabla hajajibu, na jibu lenyewe lilikuwa kikohozi. Bernardine akasema kwamba mwezi ujao, Mungu akipenda, atahitaji mtu wa kumsaidia kubeba meza hadi kule kwenye nyumba, kisha akalisukuma kwa mguu gunia la pili.

Jioni watu walijaa kuliko siku ya sinema. Bagalwa alikuwa wa kwanza kufika, kiti cha mbele, akiwa ameletwa na gari la mpwa wake kutoka Lakeville, jambo ambalo kwa mara ya kwanza hakulisema. Hussni alipakua sahani ya kwanza akampelekea Rachelle kwa mikono miwili. "Salamat," akasema, akainamisha kichwa.

Rachelle alionja. Akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akamtazama machoni, akasema kitu kirefu kwa Kifilipino.

"Anasema nini, Mzee?" akauliza Mugisho.

Hussni akamtupia jicho Brandon. Mdomoni mwa Rachelle hakukuwa na maandishi.

"Amesema," akatangaza, "biriani ni tamu ajabu, na amenisamehe, mimi na ukoo wangu wote."

Bernardine akamnong'oneza Rachelle. Rachelle akaweka kijiko chini, akarudia kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie. Wali haujaiva, nyama ngumu, na msamaha si wake kuutoa. Mwenye kuutoa anangoja.

Akamnyooshea simu. Manila kulikuwa kumeshakucha. Kwenye kioo kidogo alionekana mtu mnene, bila miwani, kitana kwenye mfuko wa shati, anatabasamu. Alisema maneno mengi kwa furaha na jogoo akawika nyuma yake.

"Anasema nini?" wakauliza akina mama.

Hussni alifungua kinywa. Mtu angeweza kuuona ule uongo ukipanda kooni, mnene, umevaa vizuri. Akaumeza.

"Sijui," akasema. "Sijui hata neno. Rachelle, mwanangu, mwambie mjomba wako nilimsingizia. Mwambie ninamwomba radhi."

Rachelle akaanza kutafsiri. Na Bagalwa, mdomo umejaa, akanyoosha sahani yake tupu juu ya vichwa vya watu.

"Papa Hussni! Ongeza nyama."

Hussni akaenda, akaongeza.